Kibali cha Mlima Si Kibali cha Mpaka

Jirani yangu wa ng'ambo ya mto Nabuyonga, hapa Mbale, ana mpango wa Desemba. Binamu zake watatu watakuja kutoka Bungoma, Kenya, naye amewaahidi kuwapandisha Wagagai, kilele cha mlima Elgon chenye mita 4,321. Wakishashuka atawapeleka Moroto kumsalimia dada yake aliyeolewa huko. Ni kijana wa bodaboda, mchapakazi, asiye na maneno mengi. Kosa lake lilikuwa moja: aliutaja mpango huo kwenye kibanda cha chapati karibu na daraja. Rolex yake, ile chapati ya mayai, haijageuzwa upande wa pili, tayari amepewa maelekezo sita kuhusu "kibali", kila moja kwa sauti ya mtu anayeapa mahakamani.

Mimi nilikuwa pale pale nakunywa chai. Sikubishana, asubuhi si wakati wa kubishana na wazee wenye njaa. Lakini maneno yale nayasikia kila mwaka, kwenye teksi za Sironko, redioni, hata matangani, na kila mwaka kuna mtu anayeyafuata akapoteza pesa au akalala mahali ambapo hakupanga kulala. Leo nayajibu moja moja.

Kabla ya hapo, jambo moja. Kwetu neno "kibali" limebebeshwa mizigo mitatu isiyofanana. Kuna karatasi ya kuingia kwenye hifadhi. Kuna ruhusa ya kutoka nchi moja kwenda nyingine. Na kuna ruhusa ya raia kutembea ndani ya nchi yake mwenyewe. Ya kwanza unailipia, ya pili unagongewa muhuri, ya tatu huombi kwa mtu. Sasa mlima wetu umekaa juu ya mpaka, hifadhi imekaa juu ya mlima, na Karamoja, iliko Moroto, iko nyuma yake. Ndiyo maana mizigo hiyo inagongana kichwani mwa watu.

"Mlima ni wetu. Mmasaaba haombi ruhusa kwenda kwa Masaba."

Hili alilisema mzee mmoja akiwa ameinua kidole, na kibanda kizima kikaitikia. Upande wa asili sina ubishi naye. Wagisu tunamhesabu Masaba kuwa babu yetu, mlima una jina lake, na mwaka wa imbalu, tohara yetu, ukifika hakuna anayesahau tulikotoka. Ila kiingilio hakilipwi na wageni wa kabila peke yao. Upande wa Uganda msitu huo ulikuwa hifadhi ya serikali tangu enzi za mkoloni, na mwaka 1993 ukafanywa hifadhi ya taifa, zaidi ya kilomita za mraba 1,100. Wakenya walitutangulia kwa upande wao, mwaka 1968. Anayetaka kupanda kutoka Budadiri kwa njia ya Sasa, au kutoka Kapkwata kwa njia ya Piswa, analipa UWA, yaani Shirika la Wanyamapori la Uganda, anapewa stakabadhi, na anatembea na askari au mwongozaji wa hifadhi. Hakuna anayeulizwa ukoo.

Hata hivyo mzee hakukosea kabisa, na hapa ndipo wengi wa mjini hawajui mambo ya juu. Kuna ruhusa nyingine isiyo ya watalii. UWA ina makubaliano na vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambayo yanawaruhusu wenyeji kuingia na kuchukua vitu fulani: kuni zilizoanguka, dawa za miti, na zaidi ya yote malewa. Asiyeyajua malewa ni machipukizi ya mwanzi yanayochumwa juu mlimani na kukaushwa kwa moshi mpaka yawe ya kahawia, magumu kama mkanda wa viatu vya zamani. Ukiyanunua sokoni Mbale yananuka moshi mpaka mfuko wako unanuka wiki nzima. Unayaloweka, unayachemsha, unayapika kwa karanga iliyosagwa, na mgeni aliyesema hali mianzi anaomba sahani ya pili. Mama anayeyachuma anaingia msituni kwa ruhusa, lakini ruhusa hiyo ni ya kijiji chake na kazi yake. Kijana wa Nabuyonga aliyezaliwa hapa mjini, ambaye malewa anayajua kwenye sahani tu, hawezi kuiegemea.

Na kuhusu kwa nini msitu unalindwa, sisi wa mtoni tusijifanye wageni. Nabuyonga unateremka kutoka upande wa Wanale. Mwishoni mwa Julai 2022 mto huu na mwenzake Namatala ilivimba usiku, ikaingia majumbani, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Sisemi ni miti peke yake. Takataka tunazitupa wenyewe na nyumba tumezijenga kwenye kingo wenyewe. Lakini aliyeyaona maji yale ya matope hatauliza kwa nini mtu analinda kitu huko juu.

"Kiingilio ni cha Wazungu, sisi ni kuonyesha sura tu."

Si kweli. Viwango vya UWA vina ngazi: wageni kutoka nje, wageni wanaoishi hapa, na raia wa Afrika Mashariki. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi za Uganda, na kiasi chake ni kidogo kuliko cha Mzungu, lakini analipa. Binamu wa Bungoma wako kwenye ngazi hii pamoja na mwenyeji wao, jambo zuri ambalo pale kibandani hakuna aliyemwambia kijana. Malipo yafanywe kwa simu, kadi au benki, na stakabadhi iwe mkononi kabla hujafunga kamba za viatu. Anayekuambia umpe noti yeye halafu "atapanga", huyo anapanga chakula chake cha jioni.

Palepale mwingine akadakia kwamba pesa hizo zinaliwa tu. Sheria inasema asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi irudi kwa serikali za mitaa zinazopakana nayo. Kama zinafika kijijini, na zikifika zinafanya nini, hilo ni swali la kumuuliza diwani wako kwenye mkutano, ukiwa na kalamu. Halimsamehe mtu kulipa getini.

"Ukishalipa UWA, unaweza kushukia Kenya."

Neno hili ndilo lenye hatari, kwa sababu lina sura ya kweli. Ukifika juu, baada ya pango la Mude na ile baridi yake, unakuta bonde kubwa la kasoko, pana ajabu, lenye majani ya kijivu na mimea mirefu isiyofanana na kitu chochote cha huku chini. Hakuna ukuta. Hakuna bendera inayopepea. Mto Suam unaanzia humo na kutokea kwenye mwanya wa mashariki, penye chemchemi za maji moto. Mtu akisimama pale anaona kabisa kwamba Kenya ni hatua chache tu. Ndivyo ilivyo. Mpaka uliochorwa rasmi mwaka 1926 unafuata mto Lwakhakha upande wa kusini, unapanda mlima, kisha unashuka na Suam upande wa kaskazini. Mlima haukuulizwa, wala Wabukusu na Wagisu hawakuulizwa, wala Wasabiny wa Kapchorwa na ndugu zao Wasabaot wa upande wa pili.

Lakini karatasi ya UWA inaishia pale ambapo Uganda inaishia. Upande wa pili ni hifadhi nyingine, yenye kiingilio chake, chini ya shirika la Kenya, KWS, na lango lake kuu la Chorlim liko upande wa Kitale. Zaidi ya hapo kuna uhamiaji. Juu ya mlima hakuna ofisa wa uhamiaji mwenye muhuri, na aliyeingia Kenya bila kugongewa muhuri atahesabiwa kuwa hajaingia kihalali hata kama ameshalipa viingilio viwili. Safari ya kupanda kutoka Uganda na kushukia Kenya ipo, watu wanaifanya, lakini hupangwa mapema kati ya UWA na KWS ili askari wa upande mmoja wawakabidhi wageni kwa wenzao, na mambo ya uhamiaji yanamalizwa kabla ya kupanda. Huwezi kuiamua ukiwa umekaa juu ya jiwe, miguu imechoka, unaona Kenya iko karibu kuliko Budadiri.

Nikiwa na umri wa kijana huyu nilikaa juu ya jiwe la namna hiyo. Mwongozaji wetu, mtu wa Budadiri mwenye sweta lililotoboka kiwiko, aliona macho yangu yanakoelekea. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, huku anamenya kiazi: "Huko ukishuka, mimi si wako tena." Tukarudi tulikotoka.

"Kitambulisho cha taifa kinafungua kila mlango."

Tangu Januari 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa badala ya pasipoti. Huku kwetu kadi ile ya Ndaga Muntu imewaokoa wengi na foleni za pasipoti. Kwa hiyo aliyesema hivi alikuwa na nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kwamba kitambulisho kinachukua nafasi ya pasipoti, hakichukui nafasi ya kituo cha mpakani. Bado unapita Lwakhakha, Suam, Malaba au Busia, bado unaonekana na ofisa, bado unapewa karatasi au muhuri wa kuingilia. Na ukifika mpaka wa Tanzania, mpango huo wa kadi haupo. Tanzania haikujiunga nao.

Hapa tuwe wakweli. Mtu akisimama kwenye daraja la Lwakhakha siku ya soko, anaona nini? Wanawake wanavuka na matoke kichwani, watoto wanavuka na madaftari, mtu anavuka kwenda kumsalimia shangazi, na hakuna anayemuuliza mwingine kitu. Wazee wa Kibukusu wanakuja kwetu mwaka wa imbalu, mwaka wenye namba shufwa, wanafika mpaka uwanja wa Mutoto ngoma zinapoanza, na ukiwauliza muhuri watakucheka. Huo ni ujirani, na maofisa wengi wanauheshimu kwa sababu wao wenyewe wana shangazi. Lakini uvumilivu wa ofisa wa leo haumfungi ofisa wa kesho. Anayevuka kununua sukari na kurudi saa kumi anaweza kuutegemea. Anayekuja kulala Mbale, kupanda mlima siku nne na kwenda Moroto, apite mezani aandikwe.

Kuna kitu kingine ambacho mpaka sasa hakikusemwa pale kibandani, nacho ni umri. Kadi ya Uganda hutolewa kwa mwenye miaka 16 na kuendelea. Ya Kenya ni 18. Chini ya hapo hakuna kadi ya kuonyesha. Nitalirudia hilo.

"Karamoja haiingiliki bila barua."

Kati ya yote, hili ndilo lililonigusa, maana nilishaliamini mwenyewe na nikalilipia.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa na safari ya Moroto. Mtu mmoja hapa mjini, mwenye meza, kiti na muhuri, aliniambia kwamba bila barua ya kunitambulisha nitarudishwa njiani. Akaniandikia, akagonga muhuri mara mbili, mara ya pili nadhani kwa furaha, akachukua pesa yake. Niliikunja barua nikaitia ndani ya mfuko wa plastiki, nikaitia ndani ya shati. Kwenye kizuizi cha kwanza mwanajeshi aliingiza kichwa ndani ya teksi. "Unatoka wapi? Unaenda wapi? Umebeba nini?" Nikampa barua. Hakuifungua hata. Alitaka kitambulisho, akatazama sura yangu, akatazama gunia la vitunguu la mama aliyekaa mbele yangu, akapiga bati la gari kwa kiganja. Tukaondoka. Barua ile niliikuta tena baada ya mwaka, imegandamana na plastiki, wino umehamia upande wa pili.

Lakini sikuidhihaki tena baada ya kujua ilikotoka. Wakati wa mkoloni Karamoja ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyabiashara wa pembe za ndovu, Waswahili na Wahabeshi wakiwemo, walikuwa wakiingia kule na bunduki. Waingereza wakapeleka askari, wakaifunga nchi hiyo kwa wageni, na kwa miaka mingi Mganda wa Mbale au Kampala alihitaji ruhusa ya maandishi ili aingie sehemu ya nchi yake mwenyewe. Njia ya kuingilia ilikuwa huku kwetu, kwa hiyo kizazi cha baba zetu kiliziona karatasi hizo kwa macho. Uhuru wa 1962 haukulifuta jambo hilo kwa siku moja. Karamoja iliendelea kutawaliwa kwa sheria zake za pekee. Mzee anayesema leo kwamba lazima kibali anakumbuka sheria iliyokufa. Hajaibuni.

Wala hatukuwa peke yetu. Upande wa Kenya, kaskazini nzima ya Isiolo, Wajir na Mandera iliwekwa chini ya sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902 na nyingine ya mwaka 1934, na Msomali wa Kenya alihitaji pasi kushuka Nairobi kama vile mtu wa Nairobi alivyohitaji pasi kupanda. Sheria hizo zilifutwa mwaka 1997 tu, miaka 34 baada ya uhuru. Na kuna mahali ambapo jambo hili bado ni hai: India. Raia wa India anayetaka kuingia Arunachal Pradesh, Nagaland au Mizoram, majimbo yaliyoko mpakani, anachukua kibali chini ya kanuni ya Waingereza ya mwaka 1873, na Manipur ikaongezwa mwishoni mwa 2019. Kule wenyeji wengi wenyewe ndio wanaokitetea, wakihofia ardhi yao kumezwa na wageni. Kwa hiyo atakayesema kibali cha raia ndani ya nchi yake ni jambo lisilowezekana, naye amekosea. Linawezekana. Kwetu Uganda halipo.

Halipo kwa sababu katiba ya 1995, ibara ya 29(2), inampa kila Mganda haki ya kutembea popote nchini na kuishi popote nchini. Kupunguza haki hiyo kunahitaji sheria yenye sababu, haitoshi muhuri wa mtu mwenye meza. Wilaya tisa za Karamoja, kuanzia Nakapiripirit mpaka Karenga, unaingia kama unavyoingia Tororo.

Mambo matatu bado yanawachanganya watu hapo. La kwanza ni vizuizi vya jeshi. Bunduki na wizi wa mifugo havikuisha siku moja. Julai 2021 jeshi lilianzisha operesheni ya kunyang'anya silaha na kuipa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Kizuizi kinakuuliza wewe ni nani na umebeba nini, na ofisa akikushauri usisafiri usiku, msikilize, ana sababu. Huo ni ushauri na ukaguzi. La pili ni watafiti. Anayekwenda kuwahoji watu kwa ajili ya utafiti anahitaji idhini ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na angeihitaji hata kama anahoji watu Nabuyonga. La tatu ni hifadhi ya Pian Upe. Barabara ya kutoka Muyembe kwenda Nakapiripirit inapita ndani ya hifadhi hiyo, na abiria akiona kibao cha UWA anadhani ameshaingia mahali pa kibali. Abiria anayepita njia kuu anapita. Akitaka kushuka kwenda kutazama pofu, hapo ndipo mambo ya kiingilio yanaanza.

Na binamu wa Bungoma? Ibara ya 29 inasema Mganda. Wao wakishaandikwa mpakani kihalali, wanatembea Moroto kama wageni wengine walioingia kihalali. Hakuna karatasi ya ziada ya Karamoja kwa Mkenya mwenye mkoba na kamera. Mkenya mwenye ng'ombe mia tatu ni habari nyingine, waulize Waturkana. Mwaka 2019 nchi hizi mbili zilitia saini mapatano pale Moroto kuhusu amani na malisho, na mwaka 2023 rais wetu akatoa amri ya kuwabana wafugaji wa Kiturkana wanaoingia na bunduki. Kijana wetu hana ng'ombe.

"Kibali hutolewa na RDC. Korona ilituonyesha."

Hili alilitoa mwenye kibanda mwenyewe, huku anageuza chapati. Anakumbuka vizuri. Machi 2020 usafiri ulipofungwa, mwenye mgonjwa au mazishi alikwenda kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani, kuomba karatasi ya kubandika kwenye kioo. Magari binafsi yaliporuhusiwa mwishoni mwa Mei mwaka ule, wilaya za mpakani, kama arobaini hivi, ziliachwa nje, na teksi zilipoanza tena Juni zikaachwa nje tena. Kwa miezi ile, ndiyo, Uganda ilikuwa na kibali cha ndani cha kwenda mpakani, na walioishi Namisindwa au Busia hawatasahau kilivyowabana.

Lakini ulikuwa uamuzi wa dharura chini ya sheria ya afya ya umma, kwa ajili ya ugonjwa uliokuwa ukivuka na madereva wa malori, na uliondolewa. RDC wa leo, na RCC wetu, mwenzake wa jiji, tangu Mbale iwe jiji Julai 2020, hana kitabu cha vibali vya kwenda Moroto. Ukimwendea akakuandikia barua ya kukutambulisha, ni wema wake. Ichukue, usiilipie.

Hayo ndiyo maelekezo sita. La saba halikuwa maelekezo. Lilisemwa na mtu aliyekuwa anaondoka, akitikisa makombo kwenye koti: "Wale waliobaki juu msituni ni wavamizi. Hata kibali hawana." Alikuwa anawasema Wabenet.

Wabenet walikuwa wakiishi kwenye nyika na misitu ya juu ya mlima kabla msitu haujapewa mpaka. Mwaka 1983 serikali iliamua kuwashusha na kuwapa eneo la hekta 6,000. Eneo liligawiwa kwa haraka, na lilipopimwa sawasawa mwaka 1993, wakati hifadhi ya taifa inaundwa, likaonekana ni hekta 7,500. Wale waliokuwa kwenye hekta 1,500 za ziada wakageuka wavamizi usiku mmoja bila kusogea hata hatua moja. Mstari ndio uliosogea. Walikwenda mahakamani kwa msaada wa Uganda Land Alliance, na tarehe 27 Oktoba 2005 Mahakama Kuu hapa Mbale ikatoa hukumu ya makubaliano: Wabenet ni wakazi wa asili na wa kihistoria wa eneo hilo, na eneo lile liondolewe kwenye hifadhi. Serikali ilikubali kwa saini.

Februari 2008 familia zilifukuzwa tena. Mwaka 2021 Amnesty International ilitoa ripoti, na kichwa chake kilihesabu miaka 13 ya watu waliosubiri kwenye mahema na vibanda. Kwa hiyo kabla mtu hajamuuliza Mbenet kibali chake kiko wapi, aelekeze swali kwenye meza nyingine: hukumu ya 2005 iko wapi? Mimi nalipa kiingilio changu bila kinyongo, na nitamlazimisha kijana wa jirani alipe chake. Lakini ile karatasi inayompa haki mtu wa Benet ilishaandikwa, ikatiwa saini, hapa hapa mjini kwetu, kutembea kidogo tu kutoka darajani.

Jioni ya siku ile nilimwendea kijana nyumbani nikamwandikia kwenye karatasi ya daftari. Binamu wapite Lwakhakha mchana, waandikwe. Walale kwake. Asubuhi waende ofisi ya UWA, barabara ya Masaba, walipe wote wanne, wachukue stakabadhi, wapange askari na wapagazi. Wapande kwa Sasa, washukie Uganda. Moroto waende kwa basi, vitambulisho mfukoni, bila barua.

Akasoma mara mbili. Kisha akauliza, "Na yule mdogo? Ana kumi na saba."

Kumi na saba. Kenya wangempa kadi akitimiza kumi na nane. Nikamwambia ampigie shangazi yake aende uhamiaji mapema na cheti cha kuzaliwa, amtafutie mtoto waraka wa kusafiria wa muda, asingoje wiki ya Krismasi. Akapiga hapo hapo, akaweka sauti wazi. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kibukusu kwamba yeye amevuka daraja lile tangu akiwa amebebwa mgongoni, na hiyo karatasi ni ya nini.

Kijana akanitazama, akaninyooshea simu.